Ilani ya Kupwa na Kujaa

Sisi tulioandika karatasi hii ni wafasiri wawili, mwalimu wa fizikia, muuguzi, fundi wa kuchomelea, mkulima wa mwani na mchoraji wa mabango. Hatuna ofisi, hatuna mhuri, hatuna mwenyekiti. Kilichotukutanisha ni neno moja lililogoma.

Mfasiri mmoja wetu alikuwa na makala ya sanaa mezani, na ndani yake neno flux, ambalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Walatini. Kamusi ya lugha mbili ilimpa "mtiririko". Akaliweka, sentensi ikachechemea. Akaweka "mabadiliko", sentensi ikalala kabisa. Jioni akalileta barazani. Fundi akasema analifahamu: limeandikwa kwenye kopo la ile dawa ya kupaka kabla ya kulehemu. Muuguzi akasema amelikuta katika vitabu vya zamani vya tiba, ni kuhara. Mwalimu akasema nyote mmepotea, hicho ni kipimo cha sumaku, kina alama yake na kizio chake. Mkulima wa mwani alikuwa hajawahi kulisikia. Tukamweleza kwamba asili yake ni maji kwenda, na kwamba wazungu wa kale walilitumia kwa bahari inapojaa. Akacheka. "Kumbe mnagombania kazi yangu," akasema.

Hakuna aliyekosea. Hapo ndipo ilani hii ilipoanzia.

TUNATANGAZA

Neno lenye kazi nyingi halihamishwi kwa neno moja. Hufuatwa kazini kwake, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba huulizwa: hapa mnaliitaje?

Walatini walikuwa na kitenzi fluere, kutiririka. Kutoka humo wakapata fluxus, na watoto wa mama huyo wametapakaa katika lugha za Ulaya. Utajiri ukaitwa kwa neno la maji yanayomiminika kuelekea kwa mtu. Kisichohitajika kikaitwa kwa neno la maji yanayopita ukingo. Waitaliano waliona homa inayowaangusha watu kijiji kizima wakasema nguvu za nyota zimetiririkia chini, ndiyo influenza. Ukoo mzima umetoka kisima kimoja.

Nasi tumechota vilevile. Watu hufurika uwanjani. Siri huvuja. Mwanasiasa humwaga sera. Biashara hukauka. Machozi hububujika, pongezi humiminika. Na tuna neno mkondo, ambalo peke yake lingetosha kuwatoa Walatini jasho: mkondo wa bahari unaovuta ngalawa, mkondo wa upepo, mkondo wa umeme ukutani, mkondo wa pili wa kidato cha tatu. Mzazi anayeuliza mwanawe yuko mkondo gani hafikirii maji hata kidogo, na maji yamo. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Maneno nayo hufuata.

Kwa hiyo tulipokwama kwenye flux, hatukukosa msamiati. Tulikuwa wavivu. Tulitaka neno moja lililokaa tayari kwenye rafu, wakati maneno yenyewe yalikuwa kazini: bandarini, wodini, karakanani.

ALIYETUTANGULIA

Kuna mtu aliyewahi kujenga harakati nzima juu ya neno hili, na hatutajifanya hatumjui. George Maciunas alizaliwa Kaunas, Lithuania, mwaka 1931, akahamia Marekani baada ya vita. Jina Fluxus alilikusudia kwanza liwe la jarida. Mwaka 1962 alikuwa Wiesbaden, Ujerumani, akifanya kazi ya usanifu kwa jeshi la anga la Marekani, na Septemba ya mwaka huo akaandaa tamasha la muziki mpya katika jumba la makumbusho la mji. Humo piano kuukuu ilibomolewa jukwaani kama sehemu ya utunzi wa Philip Corner. Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, alichovya kichwa katika wino na maji ya nyanya akakiburuta juu ya karatasi ndefu. Benjamin Patterson, Mmarekani mweusi mpiga besi ambaye okestra za kwao hazikumpa nafasi, akaenda kupiga Kanada kisha akahamia Ujerumani, alilipiga besi lake kwa vibanio vya nguo na karatasi.

Februari 1963, katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, watazamaji walipewa karatasi moja. Maciunas alikuwa amekata maelezo ya flux kutoka kwenye kamusi, akayabandika, na katikati ya mabandiko akaandika kwa mkono wake. Kutoka maana ya tumbo alichukua wito wa kuisafisha dunia na sanaa ya mabwanyenye. Kutoka maana ya bahari alichukua wito wa mafuriko ya mapinduzi katika sanaa. Kutoka maana ya kuyeyusha alichukua wito wa kuwaunganisha wanamapinduzi wa utamaduni, jamii na siasa wawe kitu kimoja. Wenzake wengi hawakuitia saini.

Tunachukua nini kwake? Tunachukua ujasiri wa kuanza na kamusi. Waandishi wa ilani hupenda kuanza na mbingu; yeye alianza na gundi na mkasi. Tunachukua pia unyenyekevu wa kazi walizofanya wenzake. Mwaka 1962 Alison Knowles alitengeneza kachumbari jukwaani London, na maelekezo yote ya kazi hiyo ni kwamba itengenezwe kachumbari. George Brecht aliandika kazi ambayo ni maji yakidondoka chomboni, basi. Aliyewahi kulala chini ya bati linalovuja, sufuria ikiwa katikati ya chumba, ameisikia.

Tunachoacha ni mkasi wenyewe ulipokuwa mkononi mwa mtu mmoja. Maciunas alikuwa na tabia ya kuwafukuza wasiomfuata. Harakati iliyojiita mtiririko ikawa na bawabu. Sisi hatutaweka mlango, ili asipatikane wa kuufunga.

IBARA YA TUMBO

Tunaanza na maana ambayo wafasiri huiruka kwa aibu.

Kwa karne nyingi flux ilikuwa tumbo la kuendesha, na ile ya damu iliogopwa zaidi na majeshi kuliko mishale. Henry V, mfalme wa Uingereza, alifia Ufaransa mwaka 1422, na wanahistoria wengi husema ni kuhara damu. Neno lilelile ambalo wasanii hulitamka kwa macho yaliyofumbwa, likimaanisha uhuru na mwendo, liliwahi kunuka.

Lugha yetu ina adabu yake hapa. Mtu huhara, huharisha, huendesha. Mbele ya wakwe tumbo humsumbua tu. Lakini ugonjwa ulipokuwa mkubwa mno kufichwa, tuliuita kwa jina lisilo na haya, kipindupindu, kwa kuwa humpindua mtu. Ulipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie alikuwapo, na kitabu alichochapisha mwaka 1876 kilifuata nyayo za ugonjwa kwenye njia za misafara na biashara. Kumbe njia ipitishayo bidhaa hupitisha na msiba.

Muuguzi wetu ametuomba tuandike hivi. Mtoto anayeharisha anauawa na maji yanayomtoka. Dawa ya kwanza ni kuyarudisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anyweshwe kidogokidogo huku akipelekwa kituoni. Maji yakimwagika hayazoleki, husema wahenga. Muuguzi anajibu kwamba ya mwilini huzoleka, mama akiwahi.

Kwa hiyo tunaapa kutousifu mtiririko kwa kuwa ni mtiririko. Kila tukisikia kwamba kitu kinapita, mtaji, watu, habari, vijana wanaovuka jangwa kwenda kutafuta maisha, tutauliza kinamtoka nani. Na tunaapa kutokata maana chafu ya neno ili neno lionekane zuri. Ikiwa Maciunas aliibandika ya kwanza, sisi hatutaificha ya mwisho.

IBARA YA BAHARI

Mwaka 1616 Galileo aliandika risala kuhusu kujaa na kupwa kwa bahari, akitumia neno hili la Kilatini katika umbo la Kiitaliano. Alisema bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inatembea, maji yakitikisika kama maji ya ndoo iliyobebwa. Wazo la mwezi kuvuta maji alilikataa. Alikuwa mkubwa wa wanasayansi wa zama zake, na hapo alikosea.

Wavuvi wa pwani yetu huhesabu maji kwa mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanayosogea kivivu. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hapa kwetu hukaribia meta 4, kina cha kumzamisha mtu akiwa amembeba mwenziwe mabegani. Mambo haya hayakufundishwa kwenye ubao. Yamo katika vinywa, katika neno bamvua, katika neno maji mafu, na mfasiri anayeandika "mawimbi makubwa ya kipindi cha mwezi" amepita mbele ya nyumba yenye taa akaenda kupapasa gizani.

Mkulima wetu wa mwani analima upande wa mashariki wa Unguja, ambako kilimo hicho kilianza kama biashara mwaka 1989. Shamba lake ni vigingi na kamba chini ya bahari. Bamvua likifika na maji yakakimbia mbali, wanawake huteremka na kufanya kazi ya kufunga, kukaza na kuvuna, kwa saa chache, mpaka maji yanaporudi kuwafukuza. Kalenda yake haina Jumatatu. Alipoulizwa na mtu wa semina kwa nini hakuja kwenye mafunzo ya asubuhi, alijibu, "Bwana, maji hayakunipa ruhusa."

Na hapa tumegundua jambo ambalo tulikuwa tumelikalia. Pwani ni neno la kupwa. Ni mahali maji yanapopwa. Jina Mswahili lilitokana na Kiarabu, sawahili, fukwe, nalo lilitoka kwa waliokuja kwa chombo wakaona nchi imejipanga mbele yao. Jina pwani lilitoka kwa watu waliosimama upande wa pili, miguu katika tope, wakingoja maji yaondoke ili kazi ianze. Walatini walilipa jina tendo la maji kwenda. Sisi tulichukua tendo la maji kuondoka tukaliita nchi.

Kwa hiyo tukitaka neno la flux kwa maana hii hatuna haja ya kulibuni. Tunaishi juu yake. Kupwa na kujaa, kwa mpangilio huo: kwanza maji yaondoke, watu wafanye kazi, kisha yarudi.

IBARA YA MOTO

Sasa tunafika kwa fundi, na hapa ndipo tulipojijua.

Chuma na chuma havipendani. Ukiviweka pamoja na kuvipasha moto, hewa hulamba uso wa kila kimoja na kuuvika kutu nyembamba. Risasi iliyoyeyuka hujikunja kama tone la maji kwenye jani la mgomba, haitaki kushika. Ndiyo maana kuna dawa. Fundi wa redio hutumia utomvu wa msonobari uliokaushwa. Sonara hutumia unga mweupe wa buraksi. Kijiti cha kuchomelea kimevikwa dawa yake kama muwa ulivyovikwa ganda: moto ukiwaka, ganda huyeyuka, hukifunika chuma kilicho majimaji kisiguswe na hewa, hunyonya uchafu, na chuma hutiririka kikajaza ufa. Likipoa, huacha gamba gumu jeusi. Fundi hulipiga kwa nyundo ndogo, tak, tak, likaanguka, na chini yake pana mshono unaong'aa.

Kwenye tanuri la chuma kazi hiyo hufanywa na mawe ya chokaa, yanayoungana na mchanga wa mawe ya madini na kutoka kama uji wa moto. Katika alumini, mwaka 1886, Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, vijana wa umri mmoja wasiojuana, waligundua kwamba oksidi ya alumini, ambayo peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2000, hukubali kuyeyuka ndani ya krioliti kwenye nyuzi zisizofikia nusu ya hizo. Kabla ya hapo alumini ilikuwa pambo la matajiri. Leo ni sufuria.

Uchafu huo unaotoka tanurini, Kiswahili kina jina lake: mavi ya chuma. Tulipolitaja barazani muuguzi alipiga meza. Maana mbili ambazo lugha za Ulaya zilizifunga katika neno flux, kusafisha tumbo na kusafisha chuma, Kiswahili kilikuwa kimezifunga pia, kwa fundo jingine. Hakuna aliyemwiga mwenziwe. Mhunzi na mgonjwa walionana wenyewe.

Tazameni sasa dawa ya kulehemu inafanya nini. Haiwi sehemu ya mshono. Inaungua, inabeba uchafu, inazuia hewa, na kazi ikiisha inapigwa nyundo. Ikibaki ndani ya mshono, mshono ni mbovu. Siku moja geti litaanguka. Lakini bila yake, kwa kijiti kile, vyuma haviungani sawasawa.

Hiyo ndiyo kazi ya mfasiri. Ndiyo kazi ya mwalimu pia, na ya mkunga, na ya mshenga aendaye na kurudi mpaka ndoa ifungwe kisha akakaa nyuma ya ukumbi. Tunatangaza kuwa tuko tayari kuwa gamba. Anayefasiri ili aonekane ameacha dawa ndani ya mshono.

IBARA YA HESABU NA SUMAKU

Hii ni fupi kwa kuwa mwalimu wetu ana kipindi.

Isaac Newton aliita kinachobadilika kitu kinachotiririka, na kasi ya mabadiliko yake akaiita flaksioni. Kitabu chake juu ya jambo hilo alikimaliza mwaka 1671. Kilichapishwa 1736, yeye akiwa amefariki miaka tisa kabla. Wakati huo alama za Leibniz, Mjerumani, zilikuwa zimeenea Ulaya bara. Waingereza waling'ang'ania nukta za Newton kwa uzalendo, wakaachwa nyuma, hadi vijana wa Cambridge walipounda chama mwaka 1812 kuzileta alama za Leibniz darasani. Leo hesabu yenyewe bado inafundishwa na neno flaksioni limezikwa. Neno laweza kufa na maji yakaendelea. Anayelinda neno kuliko maji atafundisha watoto wake nukta.

Kuhusu sumaku: mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzalisha umeme. Kinachohesabiwa hapo huitwa flux, na kizio chake ni weber. Chukua kitanzi cha waya mbele ya sumaku. Kikabilishe nayo, hesabu ni kubwa. Kiinamishe, inapungua. Kilaze ubavu, ni sifuri, ingawa sumaku haijasogea. Na katika hayo yote hakuna kitu kinachotiririka. Ndiyo maana "mtiririko wa sumaku" humpotosha mwanafunzi: atauliza unatiririka kutoka wapi, na mwalimu hatakuwa na jibu. Mwalimu wetu amekuwa akisema "usumaku unaopita kwenye kitanzi", maneno manne badala ya moja, na darasa linaelewa. Tunamuunga mkono.

Pale Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, maji huzungusha mitambo ya megawati 204. Mto unatiririka; usumaku unaopita kwenye koili unabadilika; mkondo wa umeme unakwenda mjini. Mlatini angeweza kutumia neno moja mara tatu katika sentensi hiyo. Sisi tunatumia matatu, na fundi wa zamu anajua ni lipi limeharibika.

Na mkinunua taa ya umeme, geuzeni boksi. Pameandikwa lumeni. Hiyo nayo ni flux, ya mwanga, wingi wa nuru unaotoka kwenye taa. Neno mlilodhani ni la wasomi limo kwenye duka la mtaani, kando ya kiberiti.

IBARA YA MABADILIKO

Heraclitus wa Efeso, yapata miaka 2500 iliyopita, anakumbukwa kwa wazo kwamba mtu hauingii mto uleule mara mbili. Kila msimu wa uchaguzi wapo wanaomuuza Heraclitus bila kumjua: mabadiliko kwenye kofia, mabadiliko kwenye fulana, mabadiliko kwenye kanga.

Mchoraji wetu wa mabango amechora mabango hayo kwa vyama vitatu tofauti na amelipwa na kimoja. Anasema neno hilo limechakaa kama bango lililopigwa jua. Hataki tulifute. Anataka tuliulize maswali ya mwalimu na ya muuguzi: kupitia kitanzi gani, kuelekea upande gani, kinamtoka nani? Mabadiliko yasiyojibu hayo ni maji ya kumwagwa barabarani yapoze vumbi mpaka mgeni rasmi apite.

TUNAYOKATAA

Tunakataa istilahi inayobuniwa kabla ya fundi kuulizwa. Hatuna ugomvi na mabaraza ya lugha wala na waliotuwekea Kamusi ya Kiswahili Sanifu mezani mwaka 1981. Bila wao tungekuwa tunapapasa. Tunaloomba ni kwamba meza ya istilahi iwe na kiti cha mwenye mikono michafu.

Tunakataa kamusi yenye maana moja kwa neno, kama choo cha shimo moja kwa shule nzima.

Tunakataa pia woga wa kukopa. Fundi akisema flaksi na wateja wake wakamwelewa, basi ni Kiswahili cha karakanani, na kitaandikwa hivyo, pamoja na jina la mtaa na mwaka. Koti la mtumba likikaa mwilini ni nguo yako.

Tunakataa uzuri wa maneno uliotengenezwa kwa kuzificha harufu zake.

TUTAKAYOFANYA

Kila mwezi, siku ya bamvua, tutachagua neno moja la kigeni lililogoma. Tutaligawana. Kila mmoja atalipeleka kwa mtu anayelitumia kazini, atauliza linaitwaje, atanyamaza, atasikiliza, ataandika alichosikia bila kukisahihisha. Tukirudi barazani tutaweka majibu yote kwenye karatasi moja, kwa gundi na mkasi, bila kuchagua mshindi. Karatasi itabandikwa mahali pa wazi: kituo cha daladala, soko la samaki, mlango wa maktaba.

Hatutatia majina yetu kwenye karatasi hizo. Tutaandika kazi zetu tu.

Anayetaka kujiunga ajaribu kwanza mazoezi haya. Hakuna mtihani.

Zoezi la kwanza. Nenda kwa fundi. Mwonyeshe kitu kilicho mkononi mwake. Uliza jina. Usiseme jina unalolijua wewe.

Zoezi la pili. Weka sufuria chini ya bomba linalovuja. Hesabu mpaka ijae. Mwagia mmea. Andika kitenzi kimoja kwa kila hatua. Usirudie hata kimoja.

Zoezi la tatu. Chukua taarifa ya habari. Kila palipoandikwa "mabadiliko", futa, na uandike nani kafanya nini. Kama hujui, acha pengo.

Zoezi la nne. Wawili wasiosikilizana lugha wakae nawe katikati. Fasiri kwa saa moja. Kisha ondoka bila kuaga. Ukisikia wanaendelea kucheka, umefaulu.

Zoezi la tano ni la mkulima wa mwani, na amekataa kuliandika. Anasema mje bamvua lijalo, maji yakipwa, na viatu vya zamani.

KUISHA KWA ILANI HII

Fundi aliuliza swali gumu kuliko yote: kama neno ni maji, mbona tunaiandika karatasi kana kwamba ni jiwe?

Tulijibizana mpaka usiku. Tulichokubaliana ni hiki. Ilani hii ina uhai wa mwaka mmoja. Mwaka ukitimia tutaisoma kwa sauti pale pale barazani, na kila atakayekuwapo, hata kama ni mpita njia aliyekuja kujikinga mvua, ataruhusiwa kukata sentensi au kuongeza. Aya zilizobadilishwa hazitadaiwa maelezo. Aya ambayo itakuwa imekaa kama ilivyo, bila neno kuguswa, ndiyo itakayosimamishwa na kuulizwa: umebaki vilevile kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa hakuna aliyekutumia?